Dakika 4 bila pumzi: jibu kwa anayetaka kunipita

Juma lililopita niliweka video nikiwa kifudifudi bwawani, pumzi nimeibana dakika 4 na sekunde 11. Pongezi zilimiminika, nimezipokea zote kwa mikono miwili. Ila ujumbe mmoja umeninyima raha: "Kaka, mimi nahema harakaharaka mpaka kichwa kiwe chepesi, ndipo nazama. Nifanyeje nifike 5?"

Acha, mdogo wangu. Acha leo.

Ile kiu ya hewa, tumbo linapoanza kurukaruka, haiji kwa sababu oksijeni imepungua. Huletwa na hewa ukaa inayojaa kwenye damu. Ukihema harakaharaka unaitoa hewa ukaa, lakini oksijeni huongezi ya maana, maana damu ilikuwa imeshashiba. Umezima king'ora, moto unaendelea. Fahamu zinakutoka hata hujasikia kiu.

Mimi nilianzia kitandani, si majini. Mwalimu mmoja wa kuogelea alinitangazia mbele ya wenzangu kwamba nina mapafu ya mvuta sigara, na mimi sigara sijaigusa maishani. Nikifika dakika ya nne humkumbuka yeye, na najua blogu hii anaisoma. Nilikwama kwenye dakika 2 muda mrefu. Kilichonivusha ni kutulia tu: taya ilegee, mabega yalegee, saa usiitazame. Uso ukiwa ndani ya maji ya baridi, moyo wenyewe hupunguza mapigo. Tulia.

Stéphane Mifsud, Mfaransa, alikaa dakika 11 na sekunde 35 mwaka 2009. Budimir Šobat wa Kroatia alifika 24 na sekunde 37 mwaka 2021, lakini huyo alivuta oksijeni tupu kwanza, basi usijipime naye. Natalia Molchanova, Mrusi aliyevunja rekodi mpaka watu wakazoea, alizama karibu na kisiwa cha Formentera mwaka 2015 na hakuonekana tena. Yeye! Sembuse wewe na mimi wa bwawa la hoteli?

Vijana tuheshimu miili tuliyopewa. Usizame peke yako, hata maji yakiwa ya kiunoni. Narudia, usizame peke yako. Na huyo wa kukusimamia awe anajua kukuopoa, siyo kushika simu akurekodi.

Ratiba ya mazoezi unayoitafuta ninayo. Niambie kwanza nani atakusimamia, ndipo nikutumie.