Maswali ya wasomaji: Ruzuku kwa asasi zinazohudumia walio pembezoni

Swali: Habari za kazi. Andiko letu la kuomba ruzuku limekataliwa mara mbili kwa maelezo kwamba "walengwa hawaeleweki". Tuliandika kuwa tutawafikia wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu na wahamiaji. Tumekosea wapi? *Katibu wa kikundi*

Jibu: Ndugu Katibu, mmetaja karibu kila mtu. Anayepima andiko hutafuta mambo manne: ni nani, wako wangapi, wanakosa nini, na kwa nini huduma iliyopo haiwafikii. Hilo la nne ndilo wengi huliacha, na ndilo lenye alama. Kuandika "wazee hawapati huduma za afya" ni kulalamika tu. Andikeni kwamba wazee wasiosikia vizuri hukosa kliniki kwa kuwa miadi yote hupangwa kwa simu. Hapo kikwazo kinaonekana, dawa yake inaonekana, na gharama yake inaweza kukokotolewa.

Chagueni kundi moja au mawili mnayoyafahamu kwa vitendo. Idadi ya jumla itoke kwenye sensa, na idadi ya mtakaowafikia itoke kwenye daftari lenu la mahudhurio. Mkiwa na watu 60 kwenye daftari, msiahidi 2,000.

Kwa upande wa ulemavu, msiulize "Je, wewe ni mlemavu?" Wengi watajibu hapana, ama kwa aibu ama kwa kuwa hawajioni hivyo. Tumieni maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi lililoundwa chini ya Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa: ugumu wa kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hakuna ugumu" hadi "siwezi kabisa". Aliyejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" hata kwenye swali moja huhesabiwa kuwa na ulemavu. Wafadhili wengi wanayatambua, na hayahitaji daktari.

Tahadhari moja: hali ya uhamiaji ya mtu msiiulize kama mradi hauihitaji. Orodha ya namna hiyo ikivuja, mtawaumiza walewale mnaotaka kuwasaidia.

Swali: Mfadhili anaruhusu asilimia 15 kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Mhasibu wetu na mratibu wamepata majibu mawili tofauti. Nani yuko sahihi? *Mweka hazina*

Jibu: Huenda wote wawili, kila mmoja kwa msingi wake. Soma mwongozo uone ni asilimia 15 ya nini. Tuseme gharama za moja kwa moja, yaani za shughuli za mradi wenyewe, ni 40,000. Ikiwa ni asilimia 15 ya gharama hizo, utaongeza 6,000 na jumla itakuwa 46,000. Ikiwa ni asilimia 15 ya ruzuku yote, gawanya 40,000 kwa 0.85: jumla ni 47,059, na uendeshaji ni 7,059. Ukiomba kwa hesabu ya pili kwa mfadhili anayetumia ya kwanza, umezidisha 1,059, na bajeti inaweza kurudishwa kabla andiko halijasomwa.

Viwango navyo hutofautiana. Ruzuku za serikali kuu ya Marekani huruhusu hadi asilimia 15 kwa asasi isiyo na kiwango chake kilichokubaliwa na serikali hiyo (ilikuwa 10 hadi Oktoba 2024), lakini msingi wake hautii ndani vitu kama vifaa vikubwa na posho za washiriki. Kwa hiyo usichukue jumla ya bajeti na kuizidisha kwa 0.15 moja kwa moja.

Kwa kuwa umegusa bajeti, tuseme na jambo ambalo hukuliuliza. Asasi nyingi huficha gharama za kuwafikia watu kwenye mstari wa "mengineyo", au huziacha kabisa kwa kuogopa kuonekana ghali. Kisha mradi unaanza, na wale walioandikiwa hawafiki. Wekeni mstari wa kila moja: nauli ya mshiriki na ya msaidizi wake, mlezi wa watoto wakati wa kikao, maandishi makubwa, tafsiri. Mkalimani wa lugha ya alama alipwe pia muda wa maandalizi. Kikao kikizidi saa moja, pangeni wawili, kwa kuwa hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa peke yake huchoka, na ujumbe huanza kupotea. Kwenye maelezo ya bajeti onyesheni hesabu yenyewe: wakalimani 2 × saa 4 × vikao 10 = saa 80, kisha zidisheni kwa malipo ya saa. Mstari uliofafanuliwa hivi hukatwa kwa nadra kuliko jumla isiyo na maelezo.

Swali: Hatujasajiliwa. Tusubiri? *Kikundi cha wazazi*

Jibu: Si lazima, kama mfadhili anakubali asasi mwenyeji: asasi iliyosajiliwa inapokea fedha kwa niaba yenu na kuwajibika kwa mfadhili. Andikianeni mkataba kabla ya kuomba: mwenyeji atakata asilimia ngapi, atalipa ndani ya siku ngapi baada ya kupokea stakabadhi, na vifaa vitabaki kwa nani. Hilo la vifaa ndilo huzua ugomvi.

Swali: Imebaki miezi miwili mradi uishe, na theluthi ya fedha haijatumika. Tununue kompyuta? *Mratibu*

Jibu: Hapana. Manunuzi ya dakika za mwisho ambayo hayamo kwenye bajeti ndiyo mkaguzi huyakataa kwanza, na fedha hizo mtazirudisha kutoka mfukoni mwa asasi. Mwandikieni mfadhili sasa, mkataba ungali hai, mkiomba muda wa nyongeza bila fedha za nyongeza. Elezeni kilichochelewa na sababu yake, kiasi kilichobaki kwa kila mstari, na ratiba mpya ya mwezi kwa mwezi. Mkihitaji kuhamisha fedha kati ya mistari, someni mkataba: mingi huruhusu kiasi kidogo, mara nyingi asilimia 10, na zaidi ya hapo hudai kibali cha maandishi. Kibali cha simu hakitawasaidia kwenye ukaguzi.