Majani ya Oktoba na mashine inayoziba

SWALI: Shikamoo kaka. Ninaishi St. Paul, Minnesota, na uani kwetu kuna mialoni miwili mikubwa. Mwaka huu nimenunua mashine ya umeme ya kupuliza na kunyonya majani, ile yenye mfuko wa kuvaa begani. Kila nikianza kunyonya, haichukui muda inaziba. Shemeji yangu ananiambia niyapulize yote barabarani, eti mji utafagia. Nifanyeje?
Mama wa Mialoni Miwili

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na la shemeji, maana ndilo linaloniuma. Tafadhali, usipulize jani hata moja barabarani. Yale matundu ya kando ya barabara hayapeleki maji kwenye mtambo wa maji taka. Kwenu St. Paul huishia kwenye maziwa na Mto Mississippi. Majani yakilowa humo hutoa fosforasi kama majani ya chai yanavyotoa rangi, na fosforasi ndiyo chakula cha mwani. Ziwa likigeuka kijani mwezi wa Julai hadi watoto wakakatazwa kuogelea, majani ya mwaka uliopita nayo yamechangia. Minnesota imebana mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi za majumbani tangu 2005. Kwa nini basi tuimwage wenyewe kwa majani?

Mashine yako naamini ni nzima. Jani la mwaloni ni gumu, na asubuhi za Oktoba lina umande. Likiwa limelowa hunata kwenye bomba hata kabla feni haijalikata. Subiri mchana, pakauke. Tena usinyonye ua mzima, kunyonya ni kazi ya kumalizia. Puliza kwanza. Anzia ukutani mwa nyumba uelekee nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, mdomo wa bomba karibu na ardhi, ukiutembeza taratibu kushoto na kulia, majani yaingie juu ya turubai. Likijaa, buruta.

Kunyonya kuache kwa pembe za ngazi, chini ya vichaka na kando ya uzio, mahali ambapo reki haifiki. Hapo okota kwanza vijiti, mawe na zile mbegu za mwaloni. Feni za mashine nyingi za aina hii ni za plastiki, na kokoto moja inatosha kuvunja panga lake.

Ikiziba, zima, chomoa waya kwenye soketi, ngoja feni isimame kabisa, ndipo ufungue bomba. Kabla ya hapo usiingize kidole, hata kama giza linaingia na kazi haijaisha. Waya wa kuunganishia uwe wa nje na mnene, namba 14 kwa kipimo cha Marekani cha unene wa waya (AWG), kwa urefu wa hadi mita 30. Ule mwembamba wa sebuleni hupata moto na mashine hukosa nguvu. Miwani na viziba masikio, kila mara.

Majani yaliyokatwakatwa ni mali, dada. Yatandaze chini ya vichaka, au uyachanganye na nyasi mbichi upate mboji. Yaliyobaki juu ya nyasi, maadamu nyasi zenyewe bado zinaonekana, yapitishie mashine ya kukatia nyasi uyaache yaoze hapohapo. Ya ziada yatie kwenye mifuko ya karatasi uyapeleke kwenye vituo vya Kaunti ya Ramsey vinavyopokea majani ya wakazi.