Barua kwa mwanangu: makwaruzo ya mnara wa Ashwell

Mwanangu Rehema,

Hatujambo. Goti la baba yako bado linamsumbua, ila anatembea. Juzi kwenye simu uliniuliza mambo mawili: yale makwaruzo niliyokuonyesha ndani ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria pale Ashwell, kijiji cha Hertfordshire nchini Uingereza, yanasemaje, na ilikuwaje watu wa kale wakaachiwa kuchora ukuta wa kanisa ilhali mimi nilikuchapa kwa kuchora ukuta wa sebuleni. Hilo la pili ni uchokozi, lakini nitalijibu.

Kwanza jiwe lenyewe. Kanisa lile limejengwa kwa jiwe la chaki ya hukohuko Hertfordshire, laini kiasi kwamba ncha ya kisu inaingia kama kwenye sabuni. Nje mvua imelitafuna, uliona. Ndani mvua haifiki, ndiyo maana alama ya kisu ya miaka zaidi ya 650 bado inasomeka.

Ulishangaa mnara wa karibu mita 54 katika kijiji unachokimaliza kwa mguu kabla chai haijapoa. Usikidharau. Zama zile Ashwell palikuwa mahali pa soko, na ardhi yake ilikuwa ya watawa wa Westminster. Kazi ya ujenzi ilikuwa ya karne ya 14, na ndiyo karne ya tauni. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348 kupitia bandari za kusini, na ilipotulia ilikuwa imechukua theluthi, wengine husema hata nusu, ya watu wote.

Sasa njoo ukuta wa kaskazini. Aliyeandika alijua Kilatini, pengine alikuwa kasisi, na mwaka ameufumba kama kitendawili: kwa namba za Kirumi, M (elfu), kisha C (mia) mara tatu, kisha X (kumi) mara tano. Jumlisha mwenyewe: 1350. Halafu anasema, kwa maneno yangu, kwamba tauni ilikuwa ya kusikitisha, kali, yenye kutenda jeuri. Na waliobaki kuwa mashahidi ni watu duni kabisa. Hataji jina la marehemu hata mmoja. Hesabu ya makaburi pia hakuna.

Maandishi hayaishii hapo. Yanasema mwishoni upepo mkuu, Maurus, ukanguruma duniani mwaka 1361. Maurus ni mtakatifu ambaye siku yake ni 15 Januari. Kwa kalenda yetu ni Januari 1362, maana wao mwaka ulianza 25 Machi. Upepo huohuo uliangusha mnara wenye ncha wa kanisa kuu la Norwich. Na mwanangu, mwaka ule wa 1361 tauni ilikuwa imerudi, safari hii ikiwachukua watoto kwa wingi. Kwa hiyo dhoruba iliwakuta watu ambao walikuwa wametoka kuzika tena. Mimi kila nikifika hapo huacha kusoma kwa muda, naangalia viatu vyangu.

Lakini si vilio vitupu. Kwenye nguzo kuna mtu kaandika kwamba pembe hazikuungwa sawasawa, natema mate! Huyo bila shaka alikuwa fundi mwashi, au mtu aliyelipa fundi akajuta. Mwingine kamwita shemasi mkuu punda. Na kuna mchoro wa kanisa kubwa ambao wataalamu husema ni St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoungua mwaka 1666.

Haya, uchokozi wako. Enzi hizo kukwaruza ukuta wa kanisa hakukuonwa kuwa uhuni. Makanisa mengi ya vijijini Uingereza yana alama kama hizo: misalaba, meli, dua fupi. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, nao ukuta ulikuwepo, wa wote, na ulipakwa rangi, hivyo mkwaruzo ulionekana. Wewe ulitumia kalamu ya wino, na nyumba ilikuwa ya kupanga.

Ukija Pasaka twende tena. Beba tochi yako ile nzuri. Safari iliyopita tulimulika kwa mbele, tukakosa nusu ya herufi; mwanga uwekwe ubavuni, karibu na jiwe, ndipo kivuli kinaingia kwenye mikwaruzo.

Mama yako