Maswali ya Wasomaji: Kupunguza Nywele za Mwili kwa Miale ya Leza

Baada ya makala yetu kuhusu utunzaji wa ngozi, barua nyingi mlizotuandikia zilihusu leza, huduma ambayo sasa inatangazwa katika saluni na kliniki za miji yetu mikubwa. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 29. Naota nywele nene kidevuni na shingoni, na kila asubuhi nazing'oa kwa kibano kabla ya kwenda kazini. Saluni iliyo karibu na ofisi yetu imebandika tangazo kwamba leza huondoa nywele milele. Je, ni kweli, na inafanyaje kazi? Hedhi yangu pia huchelewa, wakati mwingine hadi miezi miwili, ila sijui kama hilo lina uhusiano. — Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo ulilolitaja mwishoni, kwa kuwa ndilo lenye uzito zaidi. Mwanamke anapoota nywele nene kidevuni, kifuani au chini ya kitovu, huku siku zake zikipishana kwa zaidi ya siku 35, daktari hufikiria kwanza wingi wa homoni za kiume, na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi ni ule ugonjwa wa ovari unaojulikana kwa jina la PCOS. Leza huunguza mzizi uliopo leo. Haigusi homoni itakayoamsha mizizi mingine kesho. Kwa hiyo, kabla hujalipa hata shilingi moja saluni, nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake upimwe damu na, ikibidi, upigwe ultrasaundi. Nywele zikiwa zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache, na sauti nayo ikaanza kuwa nzito, usisubiri hata kidogo, kwa sababu mara chache dalili hizo hutokana na uvimbe katika ovari au katika tezi zilizo juu ya figo.

Sasa nije kwenye leza yenyewe. Huu ni mwanga wa rangi moja tu, uliokusanywa na kuelekezwa mahali pamoja. Theodore Maiman aliunda leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960, lakini kanuni inayotumika kwenye nywele ilielezwa mwaka 1983 na madaktari wawili wa huko huko, Rox Anderson na John Parrish. Walionyesha kwamba ukichagua mwanga unaofyonzwa na kitu unachokilenga, na ukaupiga kwa muda mfupi kuliko ule ambao kitu hicho huhitaji ili kipoe, joto hubaki humo humo na jirani zake husalimika. Katika nywele, kinacholengwa ni melanini, yaani ile rangi inayoufanya unywele uwe mweusi. Mwanga hupita kwenye ngozi, hufyonzwa na melanini, hugeuka joto, na joto hilo husambaa hadi kwenye chembe hai zilizo kandokando ya unywele na chini kwenye mzizi, ambazo ndizo huzaa unywele mpya.

Hapo ndipo kibano chako kinapoleta tatizo. Ukishaung'oa unywele pamoja na mzizi wake, mwanga haukuti cha kuufyonza. Acha kibano, uzi na nta kwa muda wa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza, na katika kipindi hicho tumia wembe, kwa kuwa wembe hukata kilicho juu na kuacha mzizi ndani. Wasichana wengi huogopa kwamba wembe utazinenepesha nywele. Hauzinenepeshi, ncha iliyokatwa butu ndiyo inayoparuza mkono unapoigusa.

Kuhusu neno "milele", nakuomba usiliamini. Kila unywele hukua, hukoma, hupumzika, kisha hupukutika na kumpisha mwingine, na leza huuharibu barabara ule ulio katika kipindi cha kukua tu. Kwa kuwa nywele hazikui zote kwa wakati mmoja, matibabu hurudiwa, kwa kawaida mara sita hadi nane, kwa nafasi ya wiki nne hadi sita usoni, na wiki sita hadi nane makwapani na miguuni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huwaruhusu watengenezaji wa mashine hizi kudai "upunguzaji wa kudumu", ikiwa na maana kwamba idadi ya nywele zinazoota tena itabaki pungufu kwa muda mrefu, wala si kwamba hakuna utakaoota. Kidevu chenye msukumo wa homoni hurudisha nywele kuliko kwapa, kwa hiyo hata baada ya kumaliza utahitaji kurudi pengine mara moja au mbili kwa mwaka.

Asalaam aleikum. Rafiki yangu alifanyiwa leza miguuni, akabaki na madoa meusi ya mstatili yaliyojipanga kwa safu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuache kabisa jambo hili? Nami nimetumia mkorogo usoni kwa muda, je, unazuia? — Mama wa watoto wawili, Unguja

Waaleikumu salaam, dada yangu. Swali lako ndilo ningependa kila mwenye ngozi nyeusi aliulize kabla ya kuuliza bei. Melanini haimo kwenye nywele peke yake; ipo pia katika tabaka la juu la ngozi, na kwetu sisi ipo kwa wingi. Mwanga hauwezi kujua kuwa umetumwa kwenye nywele. Ukifyonzwa wote na ngozi ya juu, ngozi ndiyo inayoungua, na nywele hubaki zilivyo.

Kinga iko katika uchaguzi wa mashine, na hapa lazima nitaje tarakimu. Leza ya rubi, ambayo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumiwa kwa nywele katika miaka ya 1990, ina urefu wa wimbi, yaani kipimo kinachotofautisha mwanga mmoja na mwingine, wa nanomita 694 (nanomita ni sehemu ndogo mno ya milimita); ya aleksandraiti ina 755; ya daiodi hukaribia 810; na ile inayoandikwa Nd:YAG ina 1064. Kadiri wimbi linavyorefuka katika orodha hiyo, ndivyo melanini inavyoufyonza mwanga kidogo zaidi, na ndivyo mwanga unavyopita ngozi ya juu kwa usalama na kuufikia mzizi ulio chini. Kwa hiyo, Nd:YAG ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi, ingawa nguvu yake kwa nywele nyembamba ni ndogo kidogo na huuma zaidi. Daiodi nayo inaweza kutumika kwa watu wenye weusi wa wastani, iwapo anayeishika anajua kupunguza nguvu, kurefusha muda wa kila pigo na kuipoza ngozi vizuri. Madaktari hupanga rangi za ngozi katika madaraja sita, kuanzia nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa, kwa kipimo kilichoasisiwa na Dk. Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, na wengi wetu tumo katika la tano na la sita. Mhudumu asiyekuuliza wala kukueleza daraja lako, au asiyejua urefu wa wimbi wa mashine yake mwenyewe, usimpe mwili wako ajaribie.

Madoa ya mstatili kwa kawaida ni alama ya ncha ya mashine ilipogusa: ama nguvu ilizidi, ama upozaji ulikuwa hafifu, ama leza yenyewe haikuifaa ngozi ile. Mweleze rafiki yako kwamba mengi ya madoa haya hufifia baada ya miezi kadhaa, mradi akinge miguu na jua na asiyachubue. Aonane na daktari wa ngozi na asiyakimbizie krimu ya kung'arisha. Ndiyo sababu pia nasisitiza pigo la majaribio: mahali padogo papigwe kwanza, kisha pasubiriwe, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi doa linaweza kuchelewa siku kadhaa kabla ya kujitokeza.

Kuhusu mkorogo, ndiyo, unazuia. Mchanganyiko huo mara nyingi huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), steroidi, na pengine zebaki, nayo steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na dhaifu. Ngozi ya namna hiyo huungua upesi na hupona polepole. Usikubali leza usoni sasa. Wala usikatishe mkorogo kwa ghafla kama umeutumia kwa miaka, maana uso unaweza kuwaka na kutoa vipele vingi. Umwone daktari akusaidie kuuacha. Tunao wataalamu wa kutosha kukuelekeza. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha kwa miongo kadhaa sasa, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika.

Daktari, mimi ni mwanamume. Kila nikinyoa ndevu natokwa na vipele vinavyouma shingoni, vingine vina usaha. Leza inaweza kunisaidia au ni mambo ya akina mama? — Msomaji, Nairobi

Inaweza, ndugu yangu, na hapo inakuwa tiba hasa. Nywele zetu zimejipinda. Ukizikata kwa karibu sana, ncha kali hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na mwili huipokea kama mwiba. Leza ya Nd:YAG, ikipunguza idadi na unene wa nywele hizo, hupunguza vipele na makovu yake. Hata vile vipele vigumu vya kisogoni hupata nafuu vikiwahiwa. Fahamu tu kwamba shingo itabaki na ndevu chache; mtu anayetaka siku moja kufuga ndevu aamue mapema mpaka wake uishie wapi. Ukiwa na historia ya makovu yanayovimba na kukua, mwambie daktari kabla ya pigo la kwanza.

Mimi ni bibi wa miaka 67. Nywele za kidevu changu ni nyeupe, na mjukuu wangu ana ualbino naye anauliza. Je, mashine itatufaa? — Bibi, Morogoro

Shikamoo bibi. Haitawafaa, na atakayechukua fedha zenu atakuwa amewadhulumu. Nywele nyeupe hazina melanini ya kutosha, na nywele za mjukuu wako zina kidogo sana au hazina kabisa, kwa hiyo mwanga hauna pa kushika. Njia inayofaa kwa nywele za rangi yoyote ni elektrolisisi, ambapo sindano nyembamba huingizwa kando ya kila unywele na umeme mdogo huua mzizi. Daktari wa macho Charles Michel aliitumia huko St. Louis, Marekani, mwaka 1875 kwa kope zinazokwaruza jicho. Ni kazi ya taratibu, unywele mmoja mmoja, lakini kwa nywele chache za kidevuni inawezekana. Ipo pia krimu ya eflonithini, inayochelewesha nywele za uso kuota. Dawa hiyo hiyo, ikidungwa mshipani, imeokoa maisha ya wagonjwa wengi wa malale huko Kongo. Isipopatikana karibu nawe, mkasi mdogo na kioo chenye mwanga vinatosha, bibi.

Nimeshapangiwa siku ya kwanza ya leza ya makwapa na miguu. Nitegemee nini, na je, nipake dawa ya ganzi nyumbani? — Msomaji, Tanga

Nyoa siku moja kabla, na uende bila losheni, manukato wala dawa ya jasho. Taja kila dawa unayoitumia, hasa doksisaiklini, ambayo huifanya ngozi iwe nyepesi kuathiriwa na mwanga, na isotretinoini ya chunusi. Utavishwa miwani ya kinga, na mhudumu naye atavaa yake, kwa sababu jicho lina melanini na mwanga huu unaweza kulipofusha. Ndiyo maana kope na ukingo wa chini wa nyusi haviguswi. Kila pigo huuma kama ukanda wa mpira uliovutwa ukaachiwa juu ya ngozi, likifuatwa na ubaridi. Utasikia harufu ya nywele zilizoungua. Makwapa humalizika kwa dakika chache, miguu huchukua muda mrefu zaidi.

Baadaye ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi kidogo, na kuvimba vidoti kandokando ya kila tundu la unywele. Hali hiyo hutulia kwa saa chache hadi siku moja au mbili. Lengelenge, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ni la kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Katika wiki moja hadi tatu zinazofuata utaona nywele kana kwamba zinaota tena, kumbe zilizokufa zinasukumwa nje. Ziache zipukutike zenyewe. Miguu ikingwe na jua.

Dawa ya ganzi usijipake kiholela. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vifo vya wanawake wawili vijana waliojipaka krimu kali ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya leza. Dawa ikipakwa sehemu kubwa na kufunikwa, huingia kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Kwa miguu mizima, vumilia kwa msaada wa ubaridi wa mashine. Ikiwa ni lazima ganzi itumike, ipakwe kliniki, mahali padogo, kwa kipimo cha daktari.

Nimenunua kifaa cha mwanga cha nyumbani hapa Muscat, kisha nikagundua nina ujauzito. Niendelee? — Msomaji, Oman

Kiweke kando, dada. Mwanga huo hupenya milimita chache tu na haumfikii mtoto, wala si mionzi ya kuleta saratani, lakini usalama wake kwa mjamzito haujachunguzwa vya kutosha, na nywele za mwili hubadilika sana wakati wa ujauzito, kisha nyingi hupungua zenyewe baada ya kujifungua. Jua pia kwamba vifaa vingi vya nyumbani si leza. Hutoa mwanga wa rangi nyingi zilizochanganyika, ambao ni hatari zaidi kwa ngozi nyeusi. Vingi vina kitambuzi cha rangi ya ngozi na hukataa kuwaka vikiona weusi umezidi. Chako kikikataa baada ya wewe kujifungua, usitafute namna ya kukilazimisha. Nenda kliniki yenye Nd:YAG, ambazo huko Ghuba si chache.