Maswali ya Wasomaji: Bunduki, Mauaji na Hesabu Zake

Swali: Mhariri, hapa steji yetu ya bodaboda Kondele ubishi hauishi. Mmoja anasema bunduki ziliua karibu watu 49,000 Marekani mwaka 2021, mwingine anashikilia ni 21,000. Nani muongo? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Hakuna muongo, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Vyeti vya vifo, vinavyojumlishwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, vinaonyesha vifo 48,830 vya risasi mwaka huo. Kati yake, watu 26,328 walijiua na 20,958 waliuawa na wengine. Waliobaki walikufa kwa ajali, kwa risasi za polisi, au chanzo hakikubainika. Anayezungumzia uhalifu akataja 48,830 amejumuisha vifo ambavyo zaidi ya nusu si mauaji. Anayetaja 21,000 kama madhara yote ya bunduki amewafuta waliojiua, nao ndio wengi. Waliojeruhiwa wakapona hawamo kabisa.

Chungeni pia hesabu za mashambulizi ya halaiki. Gun Violence Archive, shirika la Marekani linaloorodhesha matukio ya bunduki, huhesabu tukio lolote ambalo watu 4 au zaidi wamepigwa risasi, hata kama hakuna aliyekufa. Wengine hudai wafe 4. Mwaka uleule, wa kwanza atakupa mamia ya matukio na wa pili machache tu.

Swali: Nimesoma kwamba uhalifu wa kutumia nguvu Marekani ulipungua mwaka 2022, kisha nikasoma kwamba uliongezeka. Zote ni takwimu za serikali. Inawezekanaje? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Serikali ile ina vipimo viwili. FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, hukusanya makosa yaliyofika polisi. Idara ya takwimu za haki nayo, tangu 1973, huwauliza watu wa miaka 12 na zaidi majumbani kama wamedhurika katika miezi 6 iliyopita, wawe wameripoti au la. Kwa 2022, FBI ilitangaza kwanza kwamba uhalifu huo umeshuka kwa asilimia 1.7. Utafiti wa majumbani ulionyesha umepanda kutoka matukio 16.5 hadi 23.5 kwa kila watu 1,000.

Vipimo hivi havihesabu mambo yaleyale. Utafiti huingiza hata ngumi na makofi, ambayo FBI haiyaweki katika kundi hilo. Na utafiti hauna mauaji, kwa kuwa aliyeuawa hawezi kuhojiwa. Zaidi ya hapo, FBI ilibadilisha mfumo wa kupokea taarifa Januari 2021, na polisi wa New York na Los Angeles hawakuwa wamehamia, kwa hiyo takwimu za mwaka huo zina pengo kubwa. Baadaye FBI ilirekebisha hesabu zake, na ule upungufu wa 2022 ukageuka kuwa ongezeko. Kwa hiyo ukinukuu, taja pia toleo ni la lini.

Kwa mwelekeo wa miaka mingi, sisi tungeanza na mauaji, maana maiti ni vigumu kufichika kuliko kipigo. Hapo polisi na vyeti vya vifo vinakubaliana: mauaji yaliruka kwa karibu asilimia 30 mwaka 2020, kisha yakashuka sana 2023. Lakini angalia mwaka wa kuanzia. Mwaka 1991 kiwango kilikuwa 9.8 kwa watu 100,000, mwaka 2014 takriban 4.5, mwaka 2020 takriban 6.5. Anayetaka kukutisha ataanza 2014, anayetaka kukutuliza ataanza 1991.

Swali: Nawezaje kulinganisha Vihiga na Nakuru? (Msomaji, Mbale)

Jibu: Usilinganishe idadi tupu. Chukua makosa, gawa kwa idadi ya watu, zidisha kwa 100,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 Vihiga na 2,162,202 Nakuru. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kila kaunti ina mauaji 60: Vihiga inapata 10.2, Nakuru 2.8.

Ukishuka hadi kata, hesabu huyumba. Mauaji yakitoka 2 hadi 4, gazeti litaandika "yameongezeka maradufu", kumbe tukio moja la usiku mmoja latosha kuleta tofauti hiyo. Jumlisha miaka 3 hadi 5.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye vichwa vya majedwali. Katika takwimu za polisi wa Kenya, fungu la vifo limekuwa likibeba mauaji ya kukusudia na yasiyo ya kukusudia pamoja na kujiua, utoaji mimba na hata vifo vya uendeshaji hatari wa gari. Ukilichukua jumla ukalilinganisha na mauaji ya Marekani, umepotoka. Tafuta mstari wa mauaji ya kukusudia peke yake. Na kumbuka kwamba kisichoandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, hakimo: majeruhi aliyetibiwa akarudi nyumbani bila kuripoti kituoni haonekani popote katika jedwali la polisi.

Swali: Raia wa Kenya wana bunduki ngapi? (Msomaji, Bungoma)

Jibu: Small Arms Survey, mradi wa utafiti wa silaha ndogo, ilikisia 750,000 mwaka 2017, zikiwemo 8,136 tu zilizosajiliwa. Ni kama 1.5 kwa watu 100. Marekani ilikisiwa kuwa na 120.5. Kwa kuwa sehemu kubwa ya idadi ya Kenya ni makisio, isitumiwe kudai kwamba bunduki zimeongezeka au zimepungua katika kaunti yenu.