Saa 24 zikipita, kesi inakufa?

SWALI: Salaam, wakili. Kakangu alikamatwa Kisauni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, akafikishwa korti ya Shanzu Jumanne asubuhi. Jumatatu haikuwa sikukuu. Bwana mmoja nje ya korti anasema kesi imeshaharibika, tumpe shilingi 15,000 atuandikie barua ya kuifuta. Ni kweli? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Haki ya kakako imevunjwa, hilo halina ubishi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka mshukiwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Zikiishia nje ya saa za korti, mwisho ni jioni ya siku ya korti inayofuata. Zake ziliishia Jumamosi jioni, basi Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Lakini kesi haifi kwa hilo. Uongo huu una mzizi. Mwaka 2006, chini ya Katiba ya zamani, Mahakama ya Rufaa ilimwachilia Albanus Mwasia Mutua kwa kuwa polisi walimzuilia miezi minane kabla ya kumfikisha kortini. Mwaka 2010, katika rufaa ya Julius Kamau Mbugua, mahakama hiyo hiyo ikageuka: dawa ya kucheleweshwa ni fidia, mashtaka yanaendelea. Wauza barua bado wanatembeza hukumu ya kwanza kama kwamba ya pili haikuandikwa. Na barua gani hiyo? Hata Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti.

Kesi ikitajwa tena, kakako amweleze hakimu siku na saa aliyokamatwa, kituo alichowekwa na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na aombe yaandikwe kwenye faili. Kama alipigwa, aseme papo hapo na aombe apelekwe hospitali. Alama za kipigo hazingoji. Aombe pia bondi, kwani ni upande wa mashtaka unaopaswa kuonyesha sababu nzito za kumnyima. Madai ya fidia yatapelekwa Mahakama Kuu, kwa vifungu vya 22 na 23 vya Katiba, kando kabisa na kesi ya jinai.

Hizo 15,000 ni hasara ndogo. Hatari ni pale bwana huyo anapomwambia mtu, "Wewe kubali kosa tu, itafutwa." Ukikiri mbele ya hakimu na ukatiwa hatiani kwa kukiri kwako, sheria inakuachia kukata rufaa juu ya adhabu tu, tena ndani ya siku 14. Wengine hulitambua hilo wakiwa tayari gerezani Shimo la Tewa.

Anayejiita wakili, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Pesa za dhamana nazo huingia akaunti ya Mahakama na risiti hutoka. Anayetaka umtumie kwa simu yake, usimtumie hata senti.