Wazo Linapopiga Hodi

Mwanangu,

Marahaba. Unasema mkuu wako wa kazi anakudharau mbele za watu, wewe humjibu, ila usiku unamtukana moyoni mpaka usingizi unakukimbia. Unauliza: kama sijatamka, nimekosa?

Ngoja nikusimulie. Mwaka ule kikoba chetu kilipopungukiwa shilingi 80,000, nilimshuku mweka hazina. Sikusema. Wiki mbili nzima, nikimwona na kitenge kipya nasema moyoni, ndizo hela zetu hizo. Akinunua nyama, ndizo hizo. Nikajiona mcha Mungu kwa vile mdomo nimefunga. Siku moja tunachagua mchele msibani, mtu akamsifu kidogo tu, likanitoka: "Yule? Mwizi yule!" Jioni habari ilishamfikia. Baadaye ikaonekana hakuna hela iliyopotea, aliyeandika daftari aliruka mstari. Na mwandishi, mwanangu, nilikuwa mimi.

Nilimwendea, nikapiga magoti, akanisamehe. Lakini zamani aliniita "shoga". Siku hizi naitwa "mama", kama mgeni.

Kwa hiyo nikisoma Luka 6, kwamba kinywa hunena yale yaujazayo moyo, sihitaji mhubiri anifafanulie. Wazo baya kupiga hodi si dhambi, hodi hupiga yeyote. Mimi nililikaribisha, nikalipatia kiti na chai wiki mbili. Nawe, kwa hayo ya usiku unayonieleza, kiti umeshatoa.

Ila sikuambii ukae kimya tu. Katika Zaburi 141 Daudi anaomba mlinzi kinywani pake, na mlinzi wa geti hafungi geti mwaka mzima, wapo anaowafungulia. Mathayo 18 inasema ndugu akikukosa, mwendee, wewe na yeye peke yenu. (Najua utaniambia bosi wako si mlokole. Masikio si anayo?) Ningemwendea yule mama siku ya kwanza na daftari mkononi, yangeisha palepale.

Basi mwombe nafasi asubuhi, kabla ofisi haijajaa. Mtajie neno lililokuumiza na siku alilolisema. Ya mwaka jana yaache. Na usiku yakikurudia, liombee jina lake kabla hujalitukana, hata kama umeuma meno. Mimi nilianza hivyohivyo.

Ukishaongea naye, nipigie. Anza na uliyosema wewe. Aliyosema yeye utanieleza baadaye.

Mama yako